Paa la Pili la Land Rover ya Mjomba

Nimeishi kusini mwa Ujerumani tangu mwaka 2006, na katika muda huo nimesikia kauli mbili kuhusu magari ya zamani ambazo zote naona hazitendi haki. Ya kwanza husemwa na Wajerumani ninaokutana nao kwenye mikusanyiko ya magari hayo: kwamba Afrika gari huendeshwa mpaka lifie barabarani, na hakuna anayejali lilivyotoka kiwandani. Ya pili husemwa na ndugu zangu wa Singida: kwamba Wazungu hutunza magari yao kwa sababu wana fedha za kuchezea. Mimi naamini kwamba mapenzi ya gari tunayo sawa, na kwamba fedha, ingawa zina nafasi yake, hazielezi mambo yote. Tofauti kubwa naiona katika jambo ambalo gereji nyingi za nyumbani haziliulizi kabisa, nalo ni kifaa kilichofunguliwa na kubadilishwa kinakwenda wapi.

Nianze na huku ugenini. Ujerumani, gari lililotimiza miaka 30 tangu liandikishwe kwa mara ya kwanza linaweza kuombewa namba yenye herufi H mwishoni, utaratibu ulioanza mwaka 1997. Mwenye gari hulipeleka kwa mkaguzi, ambaye hatazami breki na taa peke yake. Anatazama pia kama gari limebaki katika hali yake ya asili na kama linastahili kuhifadhiwa. Likipita, kodi yake inakuwa Euro 191.73 kwa mwaka hata injini iwe kubwa namna gani, na linaruhusiwa kuingia katika maeneo ya miji ambako magari yenye moshi mchafu yamezuiwa. Kwa hiyo uasili wa gari unagusa mfuko: anayeng'oa usukani wa kiwandani na kuweka wa mashindano, au anayebandika taa za kisasa, anajua kwamba huenda akaikosa ile H. Masharti yenyewe si magumu kama watu wa nyumbani wanavyodhani nikiwasimulia, kwa kuwa mabadiliko ya zama za gari lenyewe yanakubalika, yaani yale yaliyofanywa, au yaliyokuwa yanaweza kufanywa, katika miaka 10 ya mwanzo ya maisha yake.

Nilipopeleka Land Rover yangu fupi ya mwaka 1980, mkaguzi alipiga magoti mbele ya gurudumu la kulia, akasugua tope kwa kidole kwenye ncha ya fremu inaposhikilia springi, akasoma namba iliyogongwa pale na kuilinganisha na karatasi. Kisha akauliza kuhusu viti, ambavyo vilikuwa na kitambaa kisichokuwa cha kiwandani. Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu mzee aliyeniuzia gari hilo alinikabidhi pamoja nalo masanduku mawili ya mbao na faili moja nene. Ndani ya masanduku mlikuwa na viti vya awali vilivyochanika, kabureta ya kwanza, mikono ya waipa na kifuniko cha tanki kilichopinda. Ndani ya faili mlikuwa na risiti za kila kitu tangu mwaka 1983, hata za balbu. Mkaguzi alivitazama viti vile vibovu, akatikisa kichwa kuridhika, akaandika. Nimekwisha kuwa na gari hilo miaka mingi sasa, na nakiri kwamba masanduku yale yamenifundisha zaidi kuliko gari lenyewe.

Hata hivyo, wanaodhani huku kila kitu ni mfano wa kuigwa wanakosea. Nimeona magari yaliyokwanguliwa rangi yote mpaka bati likabaki uchi, yakapakwa upya na kusuguliwa yakang'aa kama kioo, ilhali Land Rover haikuwahi kung'aa hivyo hata siku ilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza. Rangi ya kwanza, hata ikiwa imefifia na kukwaruzika, hutoka mara moja tu, na ikishakwanguliwa hakuna fundi duniani anayeweza kuirudisha. Wapo pia wanaoendesha gari lao kilometa 300 kwa mwaka, katika siku za jua peke yake, wakishangaa kwamba breki zimeng'ang'ania, mipira imekauka na petroli imeharibikia ndani ya tanki. Tangu mwaka 2011 vituo vya hapa vinauza petroli iliyochanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na mabomba ya mpira ya miaka ya 1970 hayaipendi hata kidogo. Gari lisilotembea linaoza kimyakimya, na mwenye nalo anaendelea kulifuta vumbi.

Halafu kuna chumvi. Majira ya baridi barabara za huku humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo huingia ndani ya fremu ya chuma na kuila kutoka ndani, mahali jicho lisipofika. Wenye magari humimina nta katika matundu ya fremu, na wengi hufungia magari yao ndani kuanzia mwezi wa kumi na moja. Land Rover ya mjomba wangu ni ya mwaka 1979, na imekaa Singida tangu ikiwa changa. Nilipoingia chini yake na tochi nilikuta fremu kavu, yenye namba inayosomeka vizuri, kiasi kwamba nilipowaonyesha picha rafiki zangu wa hapa walidhani imebadilishwa. Adui wa nyumbani ni jua linalopasua mipira na viti, ni vumbi, ni mzigo uliozidi, lakini kwa upande wa chuma Singida imelitunza gari lile kuliko gereji yoyote ya Ujerumani ambayo ingeweza kulifunika na shuka.

Watu husahau pia kwamba bodi ya gari aina ya Land Rover, kwa sehemu kubwa, ni alumini. Lilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma uliotokana na vita, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine. Bati hilo halishiki kutu, ila linapogusana na chuma penye unyevu hugeuka unga mweupe, na mara nyingi fundi asiyejua huuziba unga huo kwa dongo gumu la kujazia mabonde, akapaka rangi juu yake. Ukilibisha hodi bati la namna hiyo kwa kidole unasikia sauti ya ukuta.

Mafundi wa nyumbani siwalaumu, na hapa ndipo ninapotofautiana na Wajerumani wangu. Fundi wa mjomba huweka bisibisi sikioni, upande wa pili kwenye kifuniko cha valvu, na kukuambia ni valvu gani imelegea. Huku mtu mwenye ujuzi huo amekwisha kustaafu, na kijana aliyemrithi hutafuta kwanza mahali pa kuchomeka kompyuta. Tatizo ni kwamba fundi wetu analipwa ili gari litembee kesho asubuhi. Akikosa spea anachonga, asipoweza kuchonga anaweka ya gari jingine, na ile ya awali inaishia kwenye lundo la chuma chakavu linalosubiri mnunuzi mwenye mizani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa gari la mjomba. Baada ya miaka minne bila kufika nyumbani, nilikuta injini ya petroli ya lita 2.25 imetolewa na pahali pake imewekwa injini ya dizeli ya Kijapani, ambayo ili ienee walikata vishikio vya fremu. Viti vya nyuma vya kutazamana vilikuwa vimeondolewa. Rangi ya kijani ilikuwa imefunikwa na nyeupe, hata ile sahani ndogo ya kiwandani yenye namba na maelekezo ikapakwa juu yake. Kilichoniuma kuliko vyote ni paa. Gari lile lilikuja na paa la nchi za joto, yaani bati la pili lililoinuliwa kidogo juu ya lile la kwanza ili hewa ipite katikati na jua lisiwachome waliomo ndani. Huku Ulaya watu hulitafuta paa hilo kwa miaka. Kwa mjomba halikuwepo.

Nikasema maneno mengi, mengine ya kujuta. Mjomba aliniacha nimalize, kisha akajibu, "Sikiliza, mjomba. Ninyi huko mna gari la kwendea kazini na gari la kutazama. Mimi nina hili moja." Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Petroli ilikuwa inammaliza, na dizeli inambebea alizeti mpaka mjini kwa gharama anayoiweza. Taratibu za Ujerumani zimetungwa kwa ajili ya mtu ambaye gari lake la zamani si gari lake la kila siku. Hata shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, linapoeleza gari la kihistoria husema ni lile lenye angalau miaka 30, lililohifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria na lisilotumika kwa usafiri wa kila siku. Kwa kipimo hicho mjomba ameshatolewa nje kabla ya kuingia.

Kwa hiyo sidai nyumbani tuige herufi H. Ninachodai ni cha bei rahisi zaidi: gunia, daftari na simu yenye kamera. Injini ikitolewa, ipakwe grisi, izibwe matundu na ikae stoo, kwa sababu yenye namba yake ya awali ni moja tu duniani. Vishikio vipya vifungwe kwa nati na bolti badala ya kukata fremu, ili atakayekuja baadaye aweze kurudisha. Namba ya fremu isiguswe na msasa wala moto wa kuchomelea. Kabla ya kupaka rangi, ipigwe picha ya kila upande, na pembeni mahali pasipoonekana iachwe sehemu ya rangi ya kwanza. Daftari liandikwe tarehe, kilichotoka na kilichoingia. Gari litaendelea kubeba alizeti, na historia yake itakuwa imelala stoo ikisubiri.

Oktoba 2024, Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover kwa lengo la kuivunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa huku Ujerumani mwaka 2018, nilitazama video zake usiku kucha. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini nilikuwa nikisimamisha picha kila mara nikitafuta paa la pili, viti vya kutazamana, rangi ya zamani iliyochujuka, na nikatamani waandaaji siku moja watenge mstari wa mbele kwa magari ambayo hayajabadilishwa, hata kama ni 20 tu na mengine yanasukumwa.

Safari yangu ya mwisho nyumbani nilimkuta mjomba ameanza kuandika daftari, kwa mwandiko wa kulala, ukurasa mmoja kwa kila matengenezo. Injini ya petroli tuliipata kwa fundi, haijauzwa, imekaliwa kama kigoda. Na lile paa alinionyesha mwenyewe nyuma ya nyumba, limeezekwa juu ya banda la kuku, matundu yake yote yakiwa salama. Nimemwomba alishushe. Amekubali, kwa sharti kwamba nitangulize bati jipya, maana masika yanakaribia.