Mama wa omena aliniuliza kuhusu kura yake

Mwishoni mwa mwaka 2020 nilizunguka soko la Kibuye, hapa Kisumu, nikikusanya sahihi za BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba. Kazi ilikuwa rahisi. Watu walisaini huku wakihesabu chenji. Nikafika kwa mama mmoja muuza omena, akaishika fomu lakini kalamu akaikataa.

"Nyathina (mwanangu), nikiandika jina hapa, kura yangu itageuka vipi?"

Nikamjibu kwamba Baba, yaani Raila Odinga, ameunga mkono.

"Baba namjua. Nimekuuliza kura."

Akaendelea kumpimia mteja gorogoro yake. Mswada ulikuwa mkobani mwangu na sikuwa nimeufungua hata ukurasa mmoja.

BBI yenyewe iliishia mahakamani. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ilisema rais hawezi kubadilisha katiba kupitia mlango uliotengewa raia wa kawaida. Wengi mtaani kwetu walinuna. Mimi, nikisema ukweli, nilipumua.

Siku hizi nimekuwa nikifuatilia habari za British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada. Wenzetu wale wamepiga kura ya maoni mara tatu, 2005, 2009 na 2018, si kuhusu nani atawale bali kuhusu namna ya kupiga kura. Ile ya kwanza ndiyo iliyoninasa. Pendekezo halikutoka kwa wanasiasa. Walikusanywa raia 160 kwa bahati nasibu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kutoka kila eneo bunge, na wawili wa jamii za wenyeji asilia. Wakakaa karibu mwaka mzima wa 2004 wakisoma, wakisikiliza watu na kubishana, kisha wakapendekeza mfumo wao.

Mfumo wenyewe ni huu. Chukua Kisumu Kati, Mashariki na Magharibi, uziunganishe ziwe eneo moja lenye wabunge watatu. Huweki alama moja ukaenda zako. Unawapanga wagombea: huyu wa kwanza, yule wa pili, yule wa tatu. Kila kiti ni debe. Debe la mgombea wako likijaa, kinachofurika hakimwagiki chini, kinapelekwa kwa chaguo la pili. Na mgombea wako akiwa wa mwisho, akaondolewa, kura yako haiendi naye nyumbani. Nayo inahamia kwa uliyemweka wa pili.

Linganisha na sisi. Wagombea sita, mmoja anapata asilimia 30, huyo ndiye mheshimiwa, na wale 70 waliomkataa wanamwita hivyo miaka mitano. Tena huku kwetu mara nyingi mambo huisha kwenye mchujo wa chama. Agosti tunakwenda kuthibitisha tu.

Mei 2005 asilimia 57.7 ya wapiga kura wa British Columbia walisema ndiyo, na ndiyo ilishinda katika maeneo bunge 77 kati ya 79. Hata hivyo pendekezo lilianguka, kwa sababu serikali ilikuwa imeweka kiwango cha asilimia 60. Liliporudishwa 2009 lilipata 39 hivi. Mwaka 2018, kura zikitumwa kwa posta na karatasi ikiwa na mifumo mitatu ya kuchagua, asilimia 61 walibaki na mfumo wa zamani. Nionavyo mimi, safari hiyo ya mwisho watu waliona mkono wa chama tawala, na wale raia 160 hawakuwapo tena wa kuwaeleza.

Sisi tunalijua hilo vizuri. Novemba 2005, mwaka uleule, tulipiga kura kuhusu rasimu ya katiba, kati ya ndizi (ndiyo) na chungwa (hapana). Nyanza tulikuwa chungwa tupu. Mtafute aliyekuwa ameisoma rasimu! (Chungwa lenyewe likazaa chama.)

Wanaosema Mkenya hataweza kupanga wagombea kwa namba siwaelewi. Mtu anayepokea karatasi sita siku moja, kuanzia rais hadi MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, atashindwa na moja, mbili, tatu?

Pingamizi ninaloliogopa ni la matanga. Ukiwa na wabunge watatu, nani anakuja kuzika? Basari unaomba kwa nani? Kila mmoja atasema ulizia mwenzangu. Sina jibu kamili, ingawa nashuku watatu wanaogombania sifa ileile watafika mapema kuliko mmoja mwenye uhakika wa tiketi.

Kifungu cha 257 cha katiba bado kinadai sahihi milioni moja na mabunge ya kaunti 24, kwa hiyo Kisumu peke yetu hatuwezi. Lakini nikiulizwa, fomu zishikwe na watu wasiotafuta kiti, na zije baada ya maelezo.

Jumapili narudi Kibuye na madebe matatu, bila fomu. Yule mama amekubali nifanyie maonyesho kwenye meza yake. Omena itakayomwagika, amesema, nitailipia.