Redio ya Intaneti Kwenye CD: Cha Kutunza ni Faili, si Diski

Wanaosema enzi za kuchoma CD zimekwisha wana hoja kwa upande wa muziki unaouzwa: upo mtandaoni, anayeutaka anaupata. Kwa redio ya intaneti hoja hiyo inalegea. Mahojiano au mhadhara uliorushwa moja kwa moja huenda usirudiwe kamwe, na hata ukiwekwa kwenye tovuti ya kituo, utakaa hapo kwa muda wanaoutaka wao. Kwa vipindi vya aina hiyo, mwenye kurekodi namwelewa kabisa.

Pale ninaposita ni kwenye safari ya kutoka kwenye mkondo (sauti inayorushwa moja kwa moja kupitia intaneti) hadi kwenye diski. CD ya muziki, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hufuata kanuni zilizowekwa na Philips na Sony: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili. Jumla yake ni takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Redio nyingi za intaneti hurusha sauti iliyobanwa, MP3 au AAC, kwa kilobiti 128 hivi kwa sekunde. Ukiigeuza sauti hiyo kuwa WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, ili ichomwe, faili linavimba karibu mara kumi na moja bila kuongezeka ubora hata chembe. MP3 hubana kwa kutupa sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzigundua, na maji yakimwagika hayazoleki.

Wakosoaji hupenda kuishia hapo, kana kwamba kuvimba kwa faili ni dhambi. Si dhambi: WAV haiongezi kitu, lakini haipunguzi pia. Hasara huja baadaye, mtu anapoinyonya CD ile ile kwenye kompyuta na kuibana tena kuwa MP3. Hapo sauti inatupwa mara ya pili, na matoazi na herufi “s” huanza kusikika kama zinachemka.

Ndiyo maana namna ya kunasa ina uzito kuliko uchomaji. Programu ya kuchezea sauti na video ya VLC, kwa mfano, inaweza kuhifadhi mkondo kama ulivyofika bila kuubana upya. Njia ya pili ni kurekodi kinachopita kwenye kadi ya sauti kwa programu kama Audacity. Hii hufanya kazi karibu kila mahali, ila hunasa pia kengele ya kila ujumbe unaoingia kwenye kompyuta. Mimi ningeichukua pale tu ya kwanza inaposhindikana.

Kisheria, majibu hayafanani. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kurekodi kipindi cha televisheni ili kukitazama nyumbani baadaye ni matumizi halali. Sheria ya huko huko ya 1998 ikaja kukataza kuvunja kufuli za kidijitali. Uingereza iliruhusu nakala za binafsi mwaka 2014, mahakama ikaifuta ruhusa hiyo mwaka uliofuata. Ujerumani inaruhusu nakala ya binafsi na kutoza ada kwenye diski tupu na vifaa ili wasanii wapate chao, na kwangu hiyo ndiyo njia ya haki kuliko zote. Kwa huduma za muziki za kulipia kwa mwezi, hata hivyo, niko upande wa wanaokataza kurekodi: ulicholipia ni kusikiliza, si kumiliki.

Na diski yenyewe? CD ya kuchoma hushika data kwenye tabaka la rangi linaloharibika kwa mwanga na joto, kwa hiyo kuifanya ghala pekee ni kujidanganya. Tena hubeba dakika 80 tu za sauti ya kawaida. Kipindi cha saa mbili kinadai diski mbili. Ukichoma MP3 kama data, diski ile ile ya megabaiti 700 hubeba takriban saa 12 kwa kilobiti 128, mradi mashine ya kuchezea inasoma MP3. Mashine ya zamani isiyozisoma ndiyo sababu ya maana ya kuhangaika na WAV. Hata hapo, weka faili la awali mahali pawili, na ukikigawa kipindi katika vipande, chagua kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja. Kuchoma kipande kimoja kimoja kwa kawaida huacha kimya cha sekunde mbili kila unapokata, hata kama msemaji yuko katikati ya sentensi.