Usalama wa vinu vya nyuklia: nani alipie utafiti, na nani ausome?

Tangu Kenya ilipoitaja Uyombo, Kilifi, kuwa mahali pa kujenga mtambo wake wa kwanza wa umeme wa nyuklia, mada hii haikauki kwenye mabaraza ya Ngamiani, hapa kwetu Tanga. Wananchi wa Uyombo waliandamana mwaka 2024, na baadaye mazungumzo ya serikali yakaelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria, ambalo nalo ni letu vilevile. Mmoja husema mataifa makubwa yametafiti usalama wa vinu kwa miongo mingi kwa fedha za serikali, tunaogopa nini? Mwenzake humjibu kwa neno moja: Fukushima, jina la mtambo wa Japani ulioharibiwa na tsunami mwaka 2011. Wote wawili wana hoja, na hapo ndipo penye ugumu.

Tuanze na anayeutetea utafiti. Kuna maswali ambayo hakuna kampuni ya umeme itakayoyajibu kwa fedha yake. Kinu kikipoteza maji ya kupozea, urani, ambayo ndiyo fueli yake, itaanza kuyeyuka baada ya muda gani, na sumu yake itapita wapi? Hutajua mpaka uyeyushe urani kweli. Serikali ya Marekani ilijenga kinu kidogo huko Idaho, kiitwacho LOFT, kwa kusudi hilohilo la kukikosesha maji na kupima kinachotokea. Ufaransa nayo ilifanya majaribio ya Phébus huko Cadarache kati ya 1993 na 2004, ikiyeyusha vipande vya fimbo za urani ndani ya mtambo wa utafiti. Baada ya Fukushima, Marekani ikaanza kugharamia fimbo za urani zinazostahimili ajali zaidi, kwa mfano zile zenye ganda la metali ya zirkoni lililopakwa kromi. Sababu ni kwamba zirkoni ikipata joto kali ikakutana na mvuke, huzalisha haidrojeni, na haidrojeni ndiyo iliyorusha mapaa ya majengo ya Fukushima mbele ya kamera za dunia nzima. Faida ya ujuzi wa namna hii inamfikia kila mtu, kwa hiyo ni haki ulipiwe na mfuko wa wote.

Upande wa pili hauna shida na maabara. Unauliza: mkishajua, mnafanya nini?

Septemba 1977, katika mtambo wa Davis-Besse, Ohio, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka ikakwama wazi, maji ya kupozea yakawa yanatoka. Waendeshaji walisoma kipimo vibaya, wakazima pampu za dharura zilizokuwa zikiingiza maji. Kinu kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu ndogo, wakanusurika. Mhandisi wa kampuni iliyokitengeneza aliandika onyo ndani ya ofisi yao kwamba siku nyingine bahati hiyo haitakuwepo. Machi 28, 1979, katika mtambo wa Three Mile Island, Pennsylvania, vali ya aina ileile ilikwama na pampu zikapunguzwa vilevile. Safari hii karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka. Mezani mwa waendeshaji kulikuwa na taa iliyowaambia vali imefungwa, kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Vali yenyewe hakuna aliyeiuliza.

Japani ni hivyohivyo. Mwaka 2008 kampuni iliyomiliki Fukushima Daiichi ilikokotoa kwamba tsunami ingeweza kufikia mita 15.7. Mtambo ulikuwa umejiandaa kwa mita 5.7, na jenereta nyingi za dizeli za dharura zilikaa vyumba vya chini. Hesabu ikabaki kwenye faili hadi tsunami yenyewe ilipokuja, Machi 11, 2011. Mtambo wa Onagawa, uliokuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, ulisalimika kwa sababu ulijengwa juu zaidi tangu mwanzo. Na mdhibiti wa usalama wa nyuklia wa Japani wakati ule alikuwa chini ya wizara ileile iliyokuwa ikiipigia debe nyuklia.

Mimi naegemea upande wa fedha za umma, lakini si kwa macho yaliyofumbwa. Programu nyingine zenye jina la usalama zina kazi ya pili. Ile ya Marekani ya kuendeleza vinu vinavyopozwa kwa maji inasaidia pia mitambo iliyopewa leseni ya miaka 40 iendelee hadi 60, hata 80. Si dhambi, ila mlipakodi aambiwe waziwazi ni kiasi gani kinanunua usalama na kiasi gani kinamwongezea mwenye mtambo miaka ya biashara.

Kwetu Tanga suala hili lina sura mbili. Ya kwanza ni sheria. Marekani ilivunja tume yake ya atomiki kwa sheria ya mwaka 1974, kwa kuwa haikufaa chombo kimoja kiitangaze nyuklia na wakati huohuo kiidhibiti. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, imepewa kazi zote mbili. Leo, wakati mawakala wa forodha pale bandarini wanaijua hasa kwa cheti cha mionzi cha vyakula, madhara ni madogo. Siku tukianza kuzungumzia kinu chetu, hali itakuwa nyingine.

Ya pili ni upepo na maji. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo mtambo ukijengwa Kilifi, maji yake hayatakimbilia Tanga. Lakini upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, unatoka hukohuko kuja kwetu. Huu ni utafiti usiohitaji kuyeyusha urani. Kinachotakiwa ni kupima mionzi ya kawaida kwenye maji, mchanga wa Raskazone na samaki wanaoshushwa Deep Sea, msimu hadi msimu, na matokeo yabandikwe sokoni wavuvi wayasome. Upimaji uanze kabla jirani hajamwaga zege, maana mtambo ukishawashwa hatutakuwa tena na kipimo cha zamani cha kulinganishia.