Wodi za kifua kikuu kuwa madarasa: tuhofie nini hasa?

Likitajwa hapa Tabora wazo la kugeuza hospitali ya zamani ya kifua kikuu kuwa kampasi ya chuo, mzazi huuliza kwanza: mwanangu akalale walikofia watu? Naiheshimu hofu hiyo, maana TB imeziliza koo nyingi. Ila naona imeelekezwa pasipo pake.

Bakteria wa TB husafiri hewani, mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa ndani ya chumba kilichofungwa. Hawajifichi ukutani miaka 30 wakimsubiri mwanafunzi, na jua huwaua. Wajenzi wa zamani walilitegemea jua hilo. Kabla streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuua bakteria wa TB, haijagunduliwa mwaka 1943, mgonjwa alitibiwa kwa mapumziko, chakula na hewa safi, hivyo wodi zikajengwa nyembamba, dari juu, madirisha pande mbili, na baraza ndefu za kutolea vitanda nje. Aliyewahi kufundisha Tabora mwezi Oktoba, joto limepamba moto na umeme umekatika, hahitaji kuelezwa faida ya jengo kama hilo.

Wenzetu wamekwisha kujaribu. Huko Colorado Springs, Marekani, hospitali ya Cragmor iliyofunguliwa mwaka 1905 kwa ajili ya wagonjwa wa TB ilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Colorado kwa dola 1, na kampasi ikaanza mwaka 1965. Jengo lile kuu bado linatumika.

Dola 1 isitudanganye, hata hivyo. Jengo la bure lina gharama zake: nyaya zilizochakaa, vyoo vya idadi ndogo ya wagonjwa, pengine paa la asbesto, ambalo vumbi lake hudhuru mapafu na haling'olewi kwa nyundo na vibarua wasio na vifaa vya kujikinga. Wodi nyembamba haibebi ukumbi wa wanafunzi 200. Tena hospitali hizi zilitengwa na mji kwa makusudi, na nauli ya bodaboda kila siku italipwa na mwanafunzi.

Vitanda je, havihitajiki tena? Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na leo wagonjwa wengi hutibiwa wakitokea nyumbani, kwa kawaida miezi 6. Wenye TB sugu, isiyosikia dawa za kawaida, bado wanahitaji hospitali kama Kibong'oto, Kilimanjaro. Wodi yenye wagonjwa isiguswe. Iliyobaki ukiwa, heri isomewe kuliko iachiwe popo.

Linalonikosesha raha ni ukarabati wenyewe. Nimeona majengo ya zamani yakipewa madirisha ya aluminiamu yanayofunguka nusu tu, baraza zikizibwa kwa matofali kupata ofisi, dari zikishushwa ili kiyoyozi kifanye kazi. Ukiifanyia wodi hivyo, kisha ukapanga humo vitanda vya ghorofa kuwa hosteli, umetengeneza chumba ambacho TB inakipenda, katika nchi ambayo Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha miongoni mwa zile 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Mwanafunzi mmoja asiyejijua anatosha kuwaambukiza wenzake.

Naunga mkono kampasi, basi, kwa masharti. Mchoro wa ukarabati uonyeshe madirisha yakifunguka yote na baraza zikibaki wazi. Wodi ziwe madarasa na maktaba, mabweni yajengwe mapya. Na anayekohoa wiki 2 apimwe makohozi mara moja, bila kunyooshewa kidole.