Maasi ya 1964 na jeshi lililolelewa na chama

Abiria wa daladala wanaoshuka Lugalo, Barabara ya Bagamoyo, wanashuka mahali palipoitwa Colito. Jina hilo la kwanza lilitoka Ethiopia, walikopigana askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) mwaka 1941 chini ya bendera ya Uingereza. La sasa ni la Iringa, Wahehe wa Mkwawa walikolipiga jeshi la Wajerumani la Zelewski mwaka 1891. Kati ya majina hayo mawili kuna wiki moja ambayo nusura iiangushe serikali.

Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa Colito waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini. Walidai mshahara na vyeo kwa Waafrika. Madai yenyewe yalikuwa na haki ndani yake: miaka miwili baada ya uhuru, jeshi la taifa, Tanganyika Rifles, lilikuwa KAR ile ile, chini ya Brigedia Patrick Sholto Douglas. Januari 25 makomando wa Kiingereza kutoka manowari Centaur waliyazima maasi. Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba kuwaita ilikuwa fedheha kwa taifa.

Akalivunja jeshi. Septemba 1 ikazaliwa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) chini ya Mirisho Sarakikya, ikichota vijana wa TANU, chama tawala. Makamisaa, yaani maofisa wa kufundisha siasa, na matawi ya chama vikaingia kambini.

Wanaomlaumu Mwalimu kwa kukiingiza chama jeshini wana hoja nzito. Askari aliyefundishwa kuwa chama ndicho taifa atafanya nini siku wananchi wakichagua chama kingine? Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, askari walikatazwa kuwa wanachama, lakini maofisa wa jeshi wameendelea kuteuliwa wakuu wa mikoa na wilaya. Hilo linanisumbua, maana mkuu wa mkoa anafanya kazi ya siasa kila siku.

Hata hivyo, kwa mazingira ya 1964, naamini Mwalimu alifanya sawa. Tuwatazame majirani, maana maasi yalifika Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya, wiki hiyo hiyo. Uganda iliwakubalia waasi nyongeza ya mshahara bila kulivunja jeshi. Januari 25, 1971, Idi Amin akapindua. Kenya iliwafikisha waasi mahakama ya kijeshi, ikabaki na mafunzo ya Waingereza, na bado Agosti 1, 1982, askari wa anga walijaribu kupindua. Jeshi la Tanzania lilimng'oa Amin mwaka 1979, likarudi kambini, wala halijawahi kuishika Ikulu.

Lakini chama hakikuwa kinga kamili. Mwaka 1983 walikamatwa wanajeshi kwa njama za kuipindua serikali, miongoni mwao waliokulia ndani ya JWTZ yenyewe. Siasa ya chama pekee haitoshi ikiwa malalamiko ya askari hayasikilizwi. Ndiyo maana sikubali tunaposimulia 1964 kama habari ya utovu wa nidhamu tu, na madai ya mshahara na vyeo tukayapitia juu juu.