K2-18b na jibu lisilo na njia

Nimeletewa kwa mara ya tatu mwezi huu ile habari kwamba wanasayansi "wamegundua uhai" katika K2-18b, sayari inayozunguka nyota nyingine mbali na jua letu, na safari hii aliyeniletea ni mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye enzi zake alitukata alama kila tulipoandika jibu bila kuonyesha njia. Basi, kwa heshima zote, tuitazame njia.

Sayari hiyo iko umbali wa takriban miaka ya nuru 124, katika kundinyota la Asadi, na hakuna aliyewahi kuipiga picha. Ile bahari ya buluu inayosambazwa simuni ni kazi ya mchoraji. Kinachofanyika ni kwamba sayari inapopita mbele ya nyota yake, mwanga kidogo hupenya katika angahewa yake, nayo darubini ya anga za juu ya James Webb hupima ni rangi zipi zilizofifia, kwa kuwa kila gesi hufyonza rangi zake. Kutokana na kufifia huko, Aprili 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakiongozwa na Nikku Madhusudhan walitangaza dalili za dimethili salfaidi, gesi ambayo hapa duniani hutokana hasa na viumbe wadogo wa baharini. Wao wenyewe walikiri kuwa ushahidi haujafikia kiwango cha kuitwa ugunduzi, lakini sentensi hiyo, kwa miujiza ya uandishi wa habari, ilipotea njiani. Wengine walipozichambua upya data zilezile, hawakuona ishara ya kutegemewa. Isitoshe, gesi hiyohiyo imekwisha kupatikana katika nyotamkia 67P, ambayo haina bahari wala dagaa.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 2019 tulishangilia mvuke wa maji wa sayari hiyohiyo. Webb ilipoitazama, matokeo ya 2023 yakaonyesha methani na kaboni dioksidi, na ule mvuke haukujitokeza waziwazi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba sayari zaidi ya 6,000 za nyota nyingine zilizokwisha kuthibitishwa ni nyingi mno kwa mtu kuapa kuwa zote ni kame. Ila sayari kuwa mahali, kwa umbali wake na nyota yake, ambapo maji yangeweza kubaki kimiminika si sawa na kuwa na maji, sembuse kuwa na wakazi. Mjomba, jibu la namna hiyo wewe ungelipa alama ngapi?