Kabla hamjamaliza kuskiza ile voisi: ndio, nilizama kwenye maji ya magoti

Sawa. Najua wengi wenu mmeshaskia ile voisi ya dakika tatu huko kwa grupu, ile jamaa yangu anaeleza vile nilizama mtoni, anacheka mpaka anakohoa, sasa wacha niseme mwenyewe kabla hajaongeza chumvi ingine. Kwanza, sikulia. Kupiga nduru na kulia ni vitu mbili tofauti. Pili, ati niliunywa mto ndio maana umepungua, hapana, ulikua umepungua nikifika.

Jumamosi tulishuka Gura, upande wa Othaya, kutafuta samaki wa trauti. Kama umekulia Nyeri unajua vile Gura huongelewa, ati hakuna mto una mbio kama huo, usikaribie, ulibeba ng'ombe ya fulani, na mimi hiyo hofu nimekua nayo tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Lakini hii ni Februari, mvua hakuna, Gura imekonda mawe yametokea nje kama mbavu za mbwa wa soko. Na maji yakiwa kidogo hivyo yanakua safi kama glasi, samaki anakuona ukiwa bado unafunga kamba za viatu.

Mimi ndio nilikua mwalimu siku hiyo (mwalimu!). Njia nzima kwa gari nafundisha: tuanze saa moja asubuhi kabla jua halijapasha maji, trauti ni wa baridi, babu zake walitolewa Scotland wakawekwa Gura hii hii mwaka wa 1905, maji yakikaribia nyuzi 20 anaanza kuhema, hapo unamwacha apumzike. Unamfuata ukitokea chini, kwa sababu yeye hukaa akiangalia kule maji yanatoka. Unatambaa. Kivuli chako kisiguse maji. Uzi wa mwisho uwe mwembamba kama unywele, nzi bandia (ndio chambo) mdogo kama punje ya mchele.

Na nikatambaa. Magoti, viwiko, karibu dakika ishirini, nikiwa ndani ya ile suruali ya mpira ya kufika kifuani, ya kuazima, saizi ya mwenyewe na jirani yake. Ina mkanda wa kukaza kiunoni maji yasiingie. Mkanda niliacha kwa gari. Msianze.

Nikamwona. Pale maji yanamwagikia kwa dimbwi, ametulia, anapepea mkia tu, na nawaambia huyo samaki alikua mkubwa na jamaa anajua alikua mkubwa ingawa kwa voisi hajamtaja. Nikarudisha fimbo nyuma, uzi wa kuvulia ukanyooka vizuri, vizuri mpaka nikatamani mtu aone. Nikasogeza mguu wa kushoto. Nusu hatua.

Sasa mawe ya Gura saa hii yameota utelezi wa kijani, hakuna maji ya nguvu ya kuyasugua. Mguu ukaenda. Nikauangalia ukienda. Nikapata hata muda wa kusema "aah" kwa upole, kama mtu amekumbuka ameacha pasi kwa stima. Makalio yakatua. Maji yakaingilia kifuani, baridi ya mlima, yakashuka polepole yakisalimia kila kitu njiani. Hewa iliyokua ndani ikakimbilia miguuni, miguu ikapanda, viatu viwili vikaangalia mbinguni, kichwa kikaenda chini, na hapo hadithi zote za Gura zikanijia kwa pamoja. Nikapiga nduru NAZAMA! Nikameza maji. NAZA... nikameza tena. Nikapapasa, nikapata kitu, nikakishika vile mtoto hushika mamake siku ya kwanza ya nasari. Ilikua fimbo yangu mwenyewe.

Juu ya jiwe kulikua na shosho na mtungi wake wa lita ishirini. Nadhani alikuwepo kitambo. Ananiangalia vile unaangalia ndama amekwama kwa ua.

"Simama," akasema.

"Shosho nazama!"

"Kijana wangu. Simama."

Nikasimama. Ndani ya suruali maji yalinifika kifuani. Nje yalinifika magotini.

Mengine ni haraka: samaki alienda, nzi alinasa kwa kola yangu, jamaa alikua amelala kwa nyasi hawezi kupumua, simu yake ilikua imeisha chaji na ndio maana mmepata voisi na sio video, Mungu yupo. Kofia ilianguka na mto haukuibeba. Hata kofia!

Shosho akaniuliza nilikua natafuta nini. Samaki. Akauliza, na ukimpata utamla na ugali? Nikamwambia hapana shosho, tukimshika tunamrudisha kwa maji. Akaniangalia muda mrefu kuliko ule aliniangalia nikizama. Halafu akanipa mtungi nibebe, na ile njia ya kupanda kwenda kwake siongelei, kila hatua suruali inasema chwap, chwap, na mbwa wanatoka kwa kila boma kuja kuona ni nini.